Waliowahi kupanda Tirumala kwa Balaji, tupeane uzoefu

Wakuu habari. Humu wapo waliosoma India kusini na waliopeleka wagonjwa kule. Kuna mlima wa Tirumala, juu ya mji wa Tirupati, jimbo la Andhra Pradesh, lilipo hekalu la Venkateswara. Wenyewe humwita Balaji au Govinda, na wanaamini ndiye Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Mliofika, mwageni stori. Asiye Mhindu anaingia?

*Mtoto wa Mbezi:* Nilipanda na wanachuo wenzangu kwa njia ya Alipiri. Ngazi zinapita 3,500! Kuna wamama wanapaka manjano na kumkumu (unga mwekundu wa ibada) kila ngazi, wameinama hivyohivyo hadi juu. Vijana tunahema, bibi kizee anatupita pekupeku, "Govinda, Govinda!" Njia ya Srivari Mettu ni fupi, ngazi kama 2,400, ila inasimama kweli. Msidanganyike.

*Abuu:* Mgonjwa wangu alikuwa hospitalini mjini Vellore, siku moja nikapanda basi hadi juu. Asiye Mhindu anatakiwa asaini fomu ya kukiri imani kwa mungu wao. Mimi Muislamu, nikaona hapana, nikabaki nje. Chakula cha bure lakini nilikula, wali na mchuzi, hawaulizi dini ya mtu.

*Dada K:* Mimi niliduwaa Kalyanakatta, wanakonyolewa waumini. Wanaume, wanawake, vichanga, wote vipara kutimiza nadhiri. Nywele zinapigwa mnada, pesa inarudi hekaluni. Wapenda mawigi mpo?

*Mgujarati wa Upanga:* Mimi niliingia. Foleni masaa, simu unaacha nje. Ukifika mbele ya sanamu ya Balaji ni sekunde tu, wahudumu wanakusukuma, "jarugandi, jarugandi", yaani sogea. Uso wake una alama kubwa nyeupe inayofunika macho karibu yote. Nilikuwa na maombi kibao, yote yakayeyuka, nikabaki kumtazama.

Halafu kuna deni lake. Inasimuliwa Balaji alikopa kwa Kubera, mweka hazina wa miungu, agharamie harusi yake na Padmavathi. Fedha na dhahabu tunazotumbukiza kwenye hundi, yaani chombo cha sadaka hekaluni, ni kumsaidia kulipa riba.

*Abuu:* Kumbe michango ya harusi haikuanzia Dar!

*Mgujarati wa Upanga:* Hahaha, na hii haina kadi ya mwaliko.

*Dada K:* Na laddu je, ule utamu wa mviringo wa hekaluni? Ile ya unga wa dengu, samli, korosho na iliki. Tangu 2009 jina lake linalindwa kisheria, huruhusiwi kuuza yako ukaiita laddu ya Tirupati.

*Mtoto wa Mbezi:* Anayekwenda, asivae kaptula. Pombe, nyama na sigara viishie chini, mlimani ni marufuku.