Jumamosi na Babu Kirumba

Kikundi: WANA WA KOME (ukoo tu)

Alhamisi

18:52 Mdogo wa SAUT: Shikamooni wakubwa zangu. Jumamosi Pamba wako nyumbani Kirumba. Nakata tiketi usiku huu, nani na nani wanakwenda?

18:54 Kaka Buswelu: Mimi na wanangu wawili.

18:55 Shangazi Pasiansi: Marahaba mwanangu. Mimi natoa michembe na karanga, mpira mtakuja kunisimulia.

18:59 Dada Kitangiri: Jamani, nilikuwa nasoma hizi meseji kwa sauti hapa sebuleni. Babu kaweka kikombe chini. Anasema na yeye akatiwe tiketi.

19:00 Baba Mdogo Igoma: Mzee? Na lile goti?

19:01 Dada Kitangiri: Anasema goti ni lake na anajua linavyokwenda.

19:04 Baba Mkubwa Kisesa: Mimi simkatalii Mzee, ila ngazi za Kirumba nazijua, na jua la saa tisa mnalijua. Mara ya mwisho kuingia naye mle ilikuwa Pamba ile ya akina Khalfan Ngassa na Fumo Felician. Hamkuwa mmezaliwa nyie. Mwaka 1990 Pamba ilichukua Ligi ya Muungano, yaani Simba, Yanga na timu za Visiwani zote zikabaki nyuma ya timu ya mjini hapa. Wiki ile Mwanza hapakuwa na mtu aliyekuwa anatembea, watu walikuwa wanacheza barabarani. TP Lindanda, wana Kawekamo, ndiyo majina ya Pamba hayo! Nikiyaandika tu mkono unasisimka.

19:05 Kaka Buswelu: Baba Mkubwa, Khalfan ndiye baba yake Mrisho?

19:07 Baba Mkubwa Kisesa: Ndiye. Nimemwona baba akiwa na Pamba, miaka ikapita nikamwona mtoto akiwa na Toto Africans, mji uleule. Mtoto alikuwa na kasi ya kutisha. Lakini mpira wa baba mguuni ulikuwa unatulia kama umeambiwa ukae. Halafu Pamba ikashuka, na tukakaa zaidi ya miaka 20 bila kuiona Ligi Kuu mpaka 2024. Ndiyo maana kama Mzee anataka kwenda, mimi nitambeba hata mgongoni.

19:09 Mdogo wa SAUT: Mimi kumbukumbu yangu ya Kirumba ni tamasha moja la muziki, jina silitaji. Tulitangaziwa msanii mkubwa, tukaingia saa mbili usiku. Alipanda jukwaani saa kumi alfajiri, akaimba nyimbo tatu. Nilikuwa nimeshalala kwenye nyasi na viatu nimevilalia visiibwe. Iliniuma sana, maana nauli na kiingilio nilivikusanya kwa kuuza vocha mwezi mzima.

19:10 Shangazi Pasiansi: Pole mwanangu. Muziki wa siku hizi watu wanaufuata kwa jina la mtu. Sisi tulikuwa tunaufuata kwa bendi. Nilipokuwa Dar miaka ya tisini mwanzoni, mimi na marehemu mume wangu Jumapili zetu zilikuwa DDC Kariakoo, Mlimani Park, Sikinde ngoma ya ukae. Mlimjua yule bwana, hakuwa mtu wa maneno. Mezani alikuwa anaweza kukaa saa nzima hajasema kitu. Lakini mwimbaji wao Bitchuka akishaanza kupandisha ile sauti yake, ananigonga bega kwa kidole kimoja, tunanyanyuka. Kidole kimoja tu. Jirani zetu walikuwa watu wa Msondo, ile bendi nyingine, wanatuambia Msondo ndiyo baba ya muziki, tunabishana mpaka nyumbani, na Jumapili inayofuata kila mtu anarudi kwake. Nikisikia leo gitaa la Sikinde redioni, bega hili linajua.

19:11 Dada Kitangiri: Shangazi 😭

19:12 Kaka Buswelu: Mungu amrehemu.

19:16 Baba Mkubwa Kisesa: Mimi kwa ngoma siendi mbali. Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Kisukuma hapa Bujora, kila mwaka ikifika Ekaristi, nipo. Watoto wa mjini mnadhani ni maonyesho ya watalii. Njooni muone mashindano yenyewe. Ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, vyama viwili vya ngoma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule. Wewe mtazamaji unasimama katikati. Mtu wa Bagika anakuja na bugobogobo, ngoma ya wakulima, majembe yanarushwa hewani na kudakwa kwa mpigo mmoja, umati unakimbilia kwake. Hujakaa sawa, upande wa pili wametoa nyoka, umati wote unamwagika kule. Aliyebaki na watu wengi ndiye kashinda. Miguu yenu ndiyo kura. Kwa hiyo ngomani ukiondoka mapema umeshamnyima mtu ushindi. Hilo Mzee alinifundisha nikiwa na miaka saba, nilikuwa nalia nataka kurudi nyumbani, akakataa mpaka vumbi lilipotua.

19:18 Kaka Buswelu: Hee. Basi ndiyo kawaida yake. Mnakumbuka tarehe 30 Aprili 2017, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Mbao na Yanga hapahapa Kirumba? Mbao timu ya juzi tu, Yanga mabingwa wa nchi. Tunaongoza 1-0, kipindi cha pili Yanga wanakuja kama mvua ya ziwani. Mimi moyo ulishindwa, nikasema bora nitoke nje nisikilizie huko. Simu ikaita. Babu. Alikuwa anasikiliza redio. Hata salamu hakunipa, aliniuliza, "Uko wapi?" Nikamwambia naelekea getini. Akasema, "Rudi ukakae." Akakata. Nikarudi, na kipenga cha mwisho nilikiona kwa macho yangu, watu wazima wanalia mabegani mwa watu wasiowajua. Fainali tulikwenda kufungwa na Simba Dodoma, 2-1, dakika za nyongeza, lakini siku ile ya Kirumba hakuna wa kuninyang'anya.

19:19 Mdogo wa SAUT: Babu alijuaje kwamba unatoka?

19:19 Kaka Buswelu: Sikuwahi kumuuliza.

19:27 Baba Mdogo Igoma: Sasa mmenigusa. Ngojeni niandike vizuri, hili sijawahi kulisema kwenye kikundi.

19:36 Baba Mdogo Igoma: Novemba 1993, fainali ya Kombe la CAF. Simba walikuwa wametoka 0-0 kule Abidjan na Stella. Nchi nzima ilishahesabu kombe. Nilikuwa kidato cha pili. Mzee akauza mzigo wa dagaa, akanichukua, tukapanda treni pale stesheni ya Mwanza. Karibu siku mbili njiani, Tabora, Dodoma, behewa zima linaimba, kila kituo wanapanda wengine wenye nyekundu. Mama alitufungia sato wa kukaanga, tukamla mpaka miba.

Tarehe 27 Uwanja wa Taifa ulijaa mpaka pumzi ikawa ya kugawana. Rais Mwinyi alikuwapo. Mwameja golini, Masatu wetu wa Mwanza nyuma. Nikajiambia siku hii nitawasimulia wanangu.

Stella wakafunga la kwanza. Uwanja ukanyamaza, sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakanyamaza pamoja. Wakafunga la pili. Watu wakaanza kutoka. Wengine wanavua jezi, wengine wanatembea mikono kichwani kama wametoka msibani. Mimi nikamvuta Mzee mkono, nikamwambia, "Baba, twende." Akanishika kifundo cha mkono akanikalisha. Nikalia, nikamwambia imekwisha. Akasema, "Haijapigwa filimbi." Tukakaa. Majukwaa yamebaki matundu matundu, sisi tumekaa. Tuliwaona Stella wakipokea kombe. Aliwapigia makofi, mimi nikaona ni usaliti.

Nilikaa na hasira ile muda mrefu. Nilidhani alitaka kunikomaza. Miaka 30 na zaidi sijamuuliza.

19:38 Shangazi Pasiansi: Ndiyo maana mlirudi hamsemezani! Mama alidhani mmeibiwa hela.

19:39 Dada Kitangiri: Namsomea Babu hii. Subirini.

19:52 Mdogo wa SAUT: Dada?

19:53 Dada Kitangiri: Anaongea. Naandika.

20:06 Dada Kitangiri: Naandika kama alivyosema, sikuongeza.

"Mwambie Baba Mdogo wako kwamba sikutaka kumkomaza. Mwaka 1974, mwezi wa nane, Simba na Yanga walikuja kumalizana hapa Mwanza, uwanja wa Nyamagana. Bingwa wa taifa alikuwa anapatikana hapa. Hapakuwa na televisheni. Kama hukuwa uwanjani ulikuwa na redio, na kama huna redio ulikuwa na jirani. Mimi na marehemu kaka yangu tulitoka kisiwani Kome na samaki wakavu, tukauza, tukapata kiingilio. Adam Sabu akatufungia mapema, dakika ya 16. Simba moja, Yanga hawana kitu. Mpira ukaenda hivyohivyo mpaka jua linashuka.

"Boti yetu ilikuwa ya mzigo, na nahodha alishasema hamsubiri mtu. Nikamwambia kaka, imeshakwisha hii, twende. Kaka akakataa. Nikatoka peke yangu. Nikatembea kuelekea ziwani nimejawa na furaha, nawaambia watu njiani tumechukua. Nikiwa karibu na maji nikasikia uwanja unanguruma nyuma yangu. Nikajua ni kipenga, nikajua ni sisi. Nikarusha kofia juu.

"Ile ilikuwa Sembuli. Dakika ya 87 amesawazisha. Kisha nyongeza, Sunday Manara akafunga la pili. Na ule mngurumo wa pili pia niliusikia, boti ikiwa haijang'oa nanga. Nahodha aliyesema hamsubiri mtu alikuwa anasubiri gunia la chumvi.

"Kaka alikuja kesho yake. Akanisimulia goli la Sembuli. Akanisimulia tena mwaka uliofuata, na kila mwaka, na kila mwaka shuti lilikuwa linapigwa kutoka mbali zaidi. Mimi nilikuwa namwachia. Hilo goli ni la kwake, alilikalia. Sikuumia kwa kufungwa, Simba nimeiona ikifungwa mara nyingi. Niliumia kwamba niliwadanganya watu njiani, na kwamba kaka yangu alikuwa na kitu ambacho mimi sina, na tulikwenda pamoja. Alipofariki, sina wa kunisimulia tena. Kwa hiyo sitoki. Na mtoto wangu nisingemwacha atoke."

20:07 Dada Kitangiri: Amemaliza. Anafuta miwani.

20:15 Baba Mdogo Igoma: Mwambie Baba nimesikia.

20:16 Baba Mdogo Igoma: Mwambie nakuja kesho asubuhi, nisiseme kwenye simu.

20:18 Shangazi Pasiansi: Mimi Babu yenu Mkubwa alinisimulia goli lile nikiwa mdogo, tunakoka moto pale Kome. Shuti lilikuwa limepigwa karibu na katikati ya uwanja 😭 Sikujua kwamba baba alikuwa amekaa pembeni anasikiliza kitu ambacho hakukiona. Mungu wangu.

20:20 Baba Mkubwa Kisesa: Dada, umati wa Bulabo sasa nimeuelewa upya.

20:21 Kaka Buswelu: Tiketi ya Babu iwe jukwaa kuu, penye kivuli, siti ya chini, kusiwe na ngazi nyingi. Tofauti ya bei naitoa mimi.

20:22 Baba Mkubwa Kisesa: Gari ni langu. Namfuata Kitangiri saa saba, mapema, kabla ya msongamano. Mto wa kukalia naleta. Na nasema mapema, mwenye haraka ya kuwahi daladala aende na gari lake, sisi tutatoka wa mwisho.

20:23 Shangazi Pasiansi: Futeni maneno yangu ya mwanzo. Nikatieni na mimi. Michembe nitaishika mwenyewe, na chai ya chupa ya Mzee.

20:23 Mdogo wa SAUT: Shangazi, Pamba au?

20:24 Shangazi Pasiansi: Nakaa na baba yangu. Pamba nao nitawashangilia.

20:29 Dada Kitangiri: Babu ana ombi moja. Anauliza kama Baba Mkubwa anaweza kupitia mjini kwanza, Nyamagana. Hataki kushuka. Anataka tu kuona lango alilotokea.

20:31 Baba Mkubwa Kisesa: Ni kurudi nyuma kidogo kutoka Kitangiri, si kitu. Mwambie uwanja siku hizi una nyasi bandia, na mji umeuzunguka pande zote, lango lenyewe sijui kama atalitambua.

20:33 Dada Kitangiri: Anasema atalitambua, lilikuwa upande wa kwendea ziwani.

20:33 Baba Mkubwa Kisesa: Basi saa sita na nusu, siyo saa saba.

20:35 Mdogo wa SAUT: Tiketi zote nimekata. Tuko tisa.

20:36 Dada Kitangiri: Ameshaamka kwenda kutafuta kofia.