Shughuli gani za mtaani zinaweza kuzivuta familia kwenye elimu ya miamba na udongo?

Mratibu wa Mtaa (Mwanza)

Wanajukwaa, salaam. Ninaratibu kikundi cha wazazi na watoto katika mtaa wa Mwanza ambako nyumba zimejengwa katikati ya majabali, na mtoto huyapanda mawe hayo kabla hajajua kuandika jina lake. Hata hivyo, ukiuliza majabali hayo yalitokana na nini, utajibiwa kwamba yamekuwapo tangu zamani, na mazungumzo huishia hapo. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilisikika hadi huku kwetu, na maswali mengi ya siku zile hayakupata wa kuyajibu. Tungependa kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Anuwai ya Jiolojia, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na ambayo huangukia tarehe 6 Oktoba, kwa shughuli itakayowashirikisha wazazi wenyewe, si kuwaketisha pembeni na simu zao huku watoto wakifundishwa. Fedha tulizonazo ni kidogo. Tuanzie wapi?

Mjiolojia (Dodoma)

Ndugu Mratibu, anzieni juu ya mawe yenyewe. Granaiti, yaani mwamba wa majabali yenu ya Mwanza, ni sehemu ya kitako cha kale cha bara kinachoitwa Kratoni ya Tanzania, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Ilitokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopoa polepole chini sana ardhini, kisha tabaka zilizoifunika zikamomonyoka kwa muda mrefu mno. Mzigo huo ulipoondoka, mwamba ulitanuka na kupasuka sambamba na uso wake, na ndiyo maana majabali ya kwenu hubanduka maganda kama kitunguu. Hata Jiwe la Bismarck lililo ziwani hapo Mwanza, ambalo mtu hulitazama akajiuliza ni nani aliyeyapanga mawe yale, ni kazi ya maji yaliyopenya kwenye nyufa na kuulegeza mwamba hadi yakabaki mapande magumu peke yake.

Kila familia ipewe lenzi moja ya kukuzia, na mzazi ndiye aishike kwanza. Watafute chembe za kijivu zinazopitisha mwanga, ambazo ni kwatsi. Vipande vyeupe au vya waridi vyenye nyuso bapa, ambavyo ni felispa. Na vijipande vyeusi vinavyobanduka kwa ncha ya kisu, ambavyo ni ulanga. Baadaye waende mahali ambapo jiwe limeoza, walifikiche kwa vidole. Felispa imegeuka udongo wa mfinyanzi, ilhali kwatsi imebaki mchanga. Mzazi aliyefyatua matofali maisha yake yote ataelewa papo hapo kwamba udongo wake na mchanga wake vilikuwa jiwe moja, na kuanzia hapo hutahitaji kumbembeleza.

Mkazi wa Igoma (Mwanza)

Ninaunga mkono, ila ninaomba msiwasahau wanaoponda kokoto. Fundi wa mawe huwasha moto juu ya jabali na kuuacha kwa saa kadhaa. Uso wa jiwe hutanuka kuliko sehemu ya ndani, na ganda zima huinuka. Kisha huligonga kwa nyundo huku akisikiliza, kwa sababu jiwe zima hulia kwa sauti kali na lenye ufa huitika kwa sauti nzito. Huo ni ujuzi kamili wa mwamba, na wengi walio nao ni wazazi wa watoto hao hao mnaotaka kuwafundisha. Wapeni nafasi ya mwalimu, na walipeni ujira wa siku hiyo, maana wakiacha kazi nyumbani hakuingii kitu. Watakaosogea karibu na nyundo wavae miwani ya kukinga macho.

Mwongoza Watalii (Karatu)

Mkipata mfadhili, zileteni familia hizo katika Jiopaki (eneo la urithi wa miamba) ya Ngorongoro Lengai, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018. Karibu na Oldupai kuna mchanga unaohama, kichuguu cheusi cha majivu ya volkano kinachosukumwa na upepo mwaka hadi mwaka, huku vigingi vyenye tarehe vikionesha mahali kilipokuwa zamani. Sumaku ikisogezwa hapo, chembe huiganda mara moja, na sijaona mtu mzima aliyeshuhudia jambo hilo akabaki kimya.

Mwalimu wa Jiografia (Songwe)

Kwa heshima ya ndugu yangu wa Karatu, safari ndefu ingesubiri. Huku kwetu tuna Kimondo cha Mbozi chenye uzito wa takribani tani 16, karibu chote chuma, na watu hukishangaa kweli. Lakini familia inayokuja mara moja hupiga picha na kuondoka. Udadisi hukua pale jambo linaporudiwa. Sumaku hiyo hiyo ifungeni ndani ya mfuko wa plastiki, mkaipitishe kwenye mchanga uliobebwa na mvua hadi mitaroni, hasa penye mistari myeusi, nayo itanasa chembe za magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, zilizotoka kwenye granaiti yenu. Zaidi ya hayo, kila kaya iwe na kipima mvua cha chupa iliyokatwa na iandike kiasi cha mvua kila asubuhi, kisha wakutane mara moja kwa mwezi kulinganisha. Watagundua kwamba mvua ya mlimani na ya ufukweni si moja, na watabishana kuhusu sababu.

Mratibu wa Mtaa (Mwanza)

Nawashukuru sana. Tutaanza na lenzi, fundi wa mawe, sumaku na vipima mvua. Tungependa pia kila familia ilete udongo wa uani kwake na kuupima ndani ya chupa yenye maji. Mwalimu, tufanyeje ili matokeo yaweze kulinganishwa?

Mwalimu wa Jiografia (Songwe)

Chupa zote ziwe za aina moja na zenye pande zilizonyooka. Jazeni udongo hadi theluthi, ongezeni maji na chumvi kidogo inayosaidia mfinyanzi kutua, tikiseni kwa nguvu kisha msiziguse tena. Mchanga utatua ndani ya dakika moja au mbili, vumbi laini baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi siku ya pili au ya tatu. Mtoto achore mstari kwenye kila tabaka, na mzazi aipime kwa rula.