Wauza silaha wa Mbeya, acheni kutuuzia risasi kwa kukisia

Wakuu, sina salamu ndefu. Duka moja la silaha hapa Mbeya limeniuzia bastola ya 9x19 (upana wa risasi na urefu wa ganda lake, kwa milimita) pamoja na boksi la risasi za 9x17, yaani zile fupi. Nilipolalamika kwamba bastola inakwama kila mara, muuzaji akaniambia mkono wangu umelegea. Duka silitaji jina, malalamiko nimeyapeleka panapohusika. Nafungua uzi huu kwa sababu nimeongea na wenye leseni wa Iringa, Njombe na Tunduma, na wengi wana kisa cha namna hiyo hiyo. Wauzaji wetu wanajua bei na jina la kampuni, lakini silaha yenyewe hawaijui.

Mtu unaanza na barua ya serikali ya mtaa, unahojiwa na kamati, unakwenda kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), jalada linapanda mkoani. Sawa kabisa, silaha si kitu cha kuuzwa ovyo, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo kwa ajili hiyo. Lakini baada ya kupita milango yote hiyo unafika kwa mtu ambaye kazi yake ni kukupa chombo sahihi na risasi zake sahihi, na hicho hicho ndicho kinachomshinda.

Niwaeleze kilichokuwa kinatokea ndani ya bastola yangu, maana yeye alishindwa kunieleza. Bastola ya magazini unaikoki mara ya kwanza tu. Baada ya hapo inajikoki kwa nguvu ya risasi yenyewe. Baruti ikilipuka, risasi inakwenda mbele na slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, inasukumwa nyuma. Slaidi ikirudi, kindoano kidogo kinalivuta ganda kutoka kwenye chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa), ganda linagonga kikwazo na kuruka nje, kisha springi inairudisha slaidi mbele ikiwa imechukua risasi mpya kwenye magazini. Springi hiyo imepimwa kwa nguvu ya 9x19, risasi aliyoibuni Georg Luger, Mwaustria aliyefanya kazi Ujerumani, mwanzoni mwa karne iliyopita, ambayo kikomo cha presha yake ni baa 2350. Ile fupi, ya Mmarekani John Browning, ya mwaka 1908, kikomo chake ni baa 1350. Kipenyo cha risasi ni kile kile, kwa hiyo inaingia kwenye magazini, inaingia kwenye chemba, na mara nyingine inalia kabisa. Ila ganda limepungua milimita mbili, halifiki linapotakiwa kukaa, linashikiliwa na kindoano tu, na nguvu yake haitoshi kuisukuma slaidi hadi mwisho. Ganda linabanwa nusu ndani nusu nje. Mtu akikuvamia usiku huo, huna silaha.

Ni kweli mkono uliolegea unaweza kuikwamisha bastola, hasa hizi ndogo zenye slaidi nyepesi na springi ngumu, kwa sababu bastola nzima ikirudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu ya kujikoki inapotea. Wauzaji wameishika sentensi hiyo moja na sasa ndiyo jibu lao la kila kitu. Aliyegundua ukweli ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi pale tunapofanyia mazoezi. Aliokota ganda, akaligeuza, akasoma maandishi ya kwenye kitako chake. Basi. Muuzaji mwenye duka na kibali ameshindwaje kufanya hivyo kabla ya kupokea hela yangu?

Na msije kuniambia ningeangalia mwenyewe. Nililipa ili aliyesomea kazi hiyo aniangalizie, na kwenye risiti kaandika "risasi 9mm", hakuna zaidi.

Kwangu madhara yalikuwa kukwama. Kwa mwenye shotigani, uzembe huu unaua. Mtutu wa namba 12 una upana wa karibu milimita 18.5, wa namba 20 ni karibu 15.6. Ukiweka risasi ya namba 20 kwenye bunduki ya namba 12, inateleza, inapita chemba na kunasa mbele kwenye mtutu. Ukifyatua, kimya. Mwenye bunduki anafungua, anaona chemba tupu, anadhani alisahau kuweka, anatia ya namba 12 nyuma yake. Akifyatua tena, mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto unaposhika. Ndiyo maana maganda ya namba 20 kwa kawaida hutengenezwa ya njano, ili yasichanganywe. Nilimuuliza kijana wa kaunta hiyo njano ina maana gani, akasema ni urembo wa kampuni. Nilitoka mle dukani natetemeka. Huyo ndiye anayewauzia wazee wetu wa vijijini! Sijagusa hata suala la urefu wa chemba: risasi ya milimita 76 si ya kutiwa kwenye bunduki ya milimita 70, hata kama inaingia bila shida.

Halafu kuna ushauri wa kununua. Jamaa yangu analima mpunga Mbarali, anataka kitu cha kulinda boma. Akasukumiwa raifo ya .458 Winchester Magnum, risasi iliyotoka mwaka 1956 kwa ajili ya tembo na nyati, kwa maelezo kwamba "hii haikuangushi". Mnaijua Usangu, bonde la huko Mbarali. Ni tambarare mpaka macho yachoke, na watu wameinama kwenye majaruba kila upande. Hata .22, ile ndogo kabisa, inaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu; .30-06, ya raifo za kuwindia, inapita kilomita tatu. Chembe ndogo za shotigani zinaanguka ndani ya mita mia chache. Swali la kwanza la muuzaji lilipaswa kuwa: nyuma ya unachokilenga kuna nani? Hakuuliza. Aliuliza bajeti.

Wala hawaulizi unaishi wapi. Bastola ya kukaa Makete au Mufindi, kwenye ukungu na baridi ya Juni na Julai, inashika kutu ukiiacha kwenye mfuko wake wa ngozi, na mafuta mazito yanaganda ndani yake na kuifanya izubae. Ya Usangu wakati wa kiangazi inameza vumbi, na mafuta mengi ndiyo yanayolikusanya vumbi hilo. Mtu asiye na muda wa kuifungua na kuisafisha mara kwa mara aambiwe ukweli kuhusu rivolva, bastola ya silinda inayozunguka: risasi ikigoma unavuta triga tena, silinda inaleta nyingine. Inabeba chache, ndiyo, lakini haitegemei nguvu ya risasi ili kujikoki. Kwenye raifo ni vivyo hivyo. Ile ya kuvuta kwa mkono ya mtindo wa Mauser wa mwaka 1898, yenye ndoana kubwa inayolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, inaigwa na viwanda hadi leo, na kuna sababu. Nimetaja jambo hilo dukani, nikaambiwa hizo ni za zamani, nichukue ya kisasa.

Ninachodai ni kidogo. Kwenye risiti iandikwe aina ya risasi neno kwa neno kama ilivyopigwa chapa kwenye mtutu, boksi lifunguliwe mbele ya mnunuzi, risasi moja ilinganishwe na chapa hiyo kabla hela haijatoka mfukoni.

Mliopo Mbeya, Songwe na Iringa mlionunua boksi za 9mm miezi ya karibuni, zitoeni leo mzisome kitako. Ikiwa imeandikwa 9mm LUGER, 9 PARA au 9x19, hiyo ni ndefu. Ikiwa .380 AUTO, 9mm KURZ au 9x17, hiyo ni fupi. Ikiwa 9x18 ni ya Makarov, na hiyo ni nene kidogo kuliko zote mbili. Isipolingana na chapa ya mtutu wako, usiitie. Na kama risasi imelia kwa mlio hafifu, simamisha hapo hapo, toa magazini, hakikisha chemba iko tupu, kisha uangalie mtutu usije ukawa umezibwa na risasi iliyonasa ndani. Wekeni hapa mlichokikuta, bila majina ya maduka, tujue tatizo limeenea kiasi gani.