Gemu ya kwanza ya kuchezea kwenye TV nyumbani

Wakuu, mwanangu kaniuliza gemu ya kwanza ya nyumbani ni ipi, nikamjibu Pong, ile ya kupigishana mpira kama tenisi ya meza, bila kusita. Jirani akabisha. Nani yuko sahihi?

FundiTV: Jirani yako, mkuu. Odyssey ya kampuni ya Magnavox iliingia sokoni Marekani mwaka 1972. Aliyeibuni ni Ralph Baer, mhandisi aliyeandika wazo lake mwaka 1966. Mimi natengeneza TV, na hiki kifaa nakiheshimu sana: hakina prosesa (ile chipu ambayo ni ubongo wa kompyuta), ni vipuri vidogo vya umeme kama transista na dayodi tu! Kinaonyesha vidoti vyeupe na mstari. Hakitoi sauti wala hakihesabu alama, unaandika mwenyewe. Rangi zilitoka kwenye plastiki yenye michoro unayoibandika juu ya kioo cha TV. Ndani ya boksi mlikuwa na karata, dadu na hela za kuchezea.

Muuliza swali: Duh! Kumbe Pong ilikuja lini?

FundiTV: Mwaka huohuo, ila ile ilikuwa mashine ya kutumbukiza sarafu ndipo ucheze, ya kampuni ya Atari, iliyoundwa na Allan Alcorn. Ya majaribio waliiweka kwenye baa moja mjini Sunnyvale, California. Siku chache baadaye ikagoma. Alcorn alipoifungua, akakuta sarafu zimejaa mpaka zinamwagika. Pong ya nyumbani ilikuja 1975.

MamaWawili: Na Nolan Bushnell, mwanzilishi mwenza wa Atari, alikuwa ameshaiona Odyssey kwenye maonyesho kabla ya Pong. Magnavox waliwashtaki Atari kwa kukiuka hataza (haki ya ubunifu), wakamalizana 1976 kwa Atari kulipia leseni. Baer apewe haki yake jamani.

Muuliza swali: Asanteni. Naenda kumrekebishia mtoto sasa hivi, na jirani nitamwomba radhi.