Bakteria wa mapafu: matokeo haya niyaamini?

Mwanagenzi: Habari za leo wakuu. Tumesoma jeni ya 16S (jeni inayotumika kutambua aina za bakteria) kwenye majimaji yaliyosuuziwa mapafu, ya wagonjwa na ya wenye afya. Wagonjwa wamejaa Bradyrhizobium na Ralstonia, wazima karibu hawana. DNA ya wagonjwa ilitolewa mwanzoni, ya wazima baada ya kufungua boksi jipya la vitendanishi (kemikali za kutolea DNA). Msimamizi anataka makala haraka. Kuna tatizo?

MamaHadubini: Lipo mwanangu, tena kubwa. Bradyrhizobium ni bakteria wa udongo, makao yake mizizi ya mikunde. Pafuni anafuata nini? Yeye na Ralstonia wanajulikana sana kwa kujificha kwenye vitendanishi na maji ya maabara. Mwaka 2014 mtafiti Susannah Salter na wenzake walichukua bakteria mmoja, Salmonella bongori, peke yake, wakaizimua hatua kwa hatua. Kadiri ilivyopungua, ndivyo bakteria wa vitendanishi walivyotawala matokeo. Humo humo wakaonyesha kwamba watoto wachanga wa Thailand, waliodhaniwa kubadilika bakteria wa puani kadiri wanavyokua, kumbe kilichobadilika ni matoleo ya vitendanishi!

Mapafu nayo yana bakteria wachache mno. Na kwako boksi moja ni wagonjwa watupu, jingine wazima watupu. Hakuna hesabu itakayotenganisha ugonjwa na boksi. Hili linanikera kweli, maana kuna mgonjwa anaweza kuja kutibiwa bakteria aliyetoka kwenye chupa. Sampuli tupu, yaani tyubu zenye vitendanishi tu, mliweka?

Mwanagenzi: Shikamoo Mama. Hazikuwekwa. Ila majimaji yamebaki, yako kwenye friza ya nyuzi -80.

TakwimuKwanza: Nyongeza fupi. 16S inakupa mgawanyo tu, yaani asilimia ya kila bakteria. Mmoja akipungua, asilimia za wengine zinapanda hata kama hawajaongezeka. Pima pia jumla ya bakteria kwa qPCR, kipimo cha kuhesabu kiasi cha DNA.

MamaHadubini: Marahaba. Kama yamebaki, rudia. Changanya wagonjwa na wazima kwa kura, tumia toleo moja la vitendanishi, na kila awamu iwe na tyubu isiyo na sampuli. Maji yaliyosuuzia bomba la kuchukulia majimaji ya mapafu kabla halijaingia kwa mgonjwa, kama yalihifadhiwa, nayo yaingie. Weka pia mchanganyiko wa bakteria unaowafahamu, uone kama unawapata wote. Tyubu tupu zisomwe DNA hata kama hazionyeshi kitu kwenye jeli ya kuonyesha DNA. Na usifute majina ya bakteria kwa kukisia. Sampuli tupu ndizo zikuambie nani atoke. Ukiandika, fuata STORMS ya 2021, orodha ya mambo ya kuripoti kwenye tafiti za bakteria wa mwilini.

Msimamizi akikuharakisha, mwonyeshe habari ya kondo la nyuma. Mwaka 2014 lilitangazwa kuwa na bakteria wake. Mwaka 2019 yakapimwa makondo ya wanawake zaidi ya 500 kwa njia zaidi ya moja: karibu kila kilichoonekana kilitoka maabara au kiliingia wakati wa kujifungua. Aliyesimama imara ni Streptococcus agalactiae, kwenye takriban asilimia 5 ya makondo yaliyochukuliwa kabla ya uchungu, kwa sababu njia tofauti zilimkuta kwenye makondo yale yale.