Ami yangu wa Muscat anataka jumba la mwinyi wa Kiingereza huku Herefordshire. Nimwambieje?

BintiMalindi (Birmingham)

Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi nauguza zamu za usiku hapa Birmingham mwaka wa 16 huu, na nyumba ninayoijua ni ya vyumba viwili ambayo jirani akikohoa nasikia. Sasa ami yangu, aliyetoka Unguja kijana akatajirikia Muscat, kanitumia tangazo la dalali: jumba la shamba Herefordshire, kuelekea mpaka wa Wales, vyumba vya kulala 11, ekari 38, mazungumzo yaanzie pauni milioni 2.4. Anataka kulipa taslimu yeye na nduguze watatu (riba hagusi), wawe wanakuja na familia zao Muscat ikianza kuchoma. Mimi nimefanywa macho yake.

Nimekwenda Jumamosi. Nyumba ya tangu enzi za Malkia Elizabeth wa kwanza, miti ya mwaloni iliyojipinda na kuta nyeupe katikati yake, kisha karne ya 18 mtu akaiongezea upande wa matofali mekundu ili afanane na wenziwe. Ndani imepigwa mbao kutani, nyeusi kama mlango wa Mji Mkongwe. Harufu? Kanga zilizokunjwa mbichi. Dalali anasema "nyumba ya zamani ndivyo inavyonukia."

Kilichonichekesha ni bustani. Majani yametandikwa kama zulia, na ng'ombe wa jirani wamesimama kama wamo mumo humo, ua hauonekani hata uzi. Nikatembea kuwaendea, kidogo nitumbukie: kumbe pana handaki, upande mmoja ukuta wima, upande wa pili mteremko. Ng'ombe hapandi, na aliye dirishani haoni kitu. Wenyewe wanaliita ha-ha.

Maswali yangu. Dalali ametaja kwamba nyumba ni "daraja la pili lenye nyota", na ami anataka bomba la kujitwaharishia kila choo, na ukuta mmoja uvunjwe apate baraza ya wanaume. Inawezekana? Na kuna matufaha ekari 9 ambayo huuzwa kila mwaka kwa kiwanda cha saida, ile pombe ya matufaha. Hilo bado sijamwambia.

FundiChokaa (Shropshire)

Waalaykum salaam dada. Mimi mwashi, nilifunzwa na baba Lamu, na mwaka wa 9 sasa natengeneza nyumba kama hiyo upande huu.

Hiyo harufu usiidharau. Unazijua nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa? Ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua na jua likaja likayafukuza. Siku mtu anapoupaka saruji ili "auimarishe", maji yanaingia na njia ya kutoka hayana, na boriti zinaoza ndani huku nje panang'aa. Basi Waingereza nao walifanya ujinga huo huo karne iliyopita, wakajaza saruji katikati ya mialoni ya miaka 400. Rudi siku ya mvua. Gonga zile sehemu nyeupe kwa kifundo cha kidole: panapolia debe, lipu imeachana na ukuta. Kisha chukua bisibisi nyembamba, uliza ruhusa, uchome ule mti wa chini kabisa uliolala juu ya msingi. Ukizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ondokeni, au bei ishuke khasa.

Dalali alikwambia madirisha yaliyozibwa ni kwa ajili ya kodi? Wote husema hivyo. Kodi ya madirisha ilikuwepo kweli, 1696 mpaka 1851, lakini mengi yalijengwa yakiwa yameziba tangu siku ya kwanza ili uso wa nyumba ulingane kulia na kushoto. Tazama matofali: yakiwa yamefumana na ya ukuta, halijawahi kuwa dirisha. Ukiona mstari umenyooka pembeni toka juu hadi chini, hapo pamezibwa baadaye.

Sasa daraja. Hapa Uingereza majengo yaliyoorodheshwa ili yalindwe yana daraja la kwanza, la pili lenye nyota na la pili. Mengi mno ni la pili tupu, zaidi ya tisa katika kila kumi. Nyota ina maana nyumba ina uzito wa pekee, na halmashauri ikiletewa ombi hushauriana na Historic England, shirika la umma la majengo ya kale. Ulinzi si wa uso tu: ni ndani pia, ngazi, mbao, milango, hata banda la uani kama lilikuwepo kabla ya Julai 1, 1948. Bomba la choo halina neno, ni mpira tu. Ila bomba jipya la maji machafu likitoboa ukuta wa zamani, omba kibali. Ukuta wa baraza ndio usiuguse kabla ya karatasi. Kuvunja bila kibali ni jinai, si kosa la faini ya kuegesha gari. Mtu anaweza kufungwa. Na mwenye nyumba wa zamani akiwa ndiye aliyeharibu, amri ya kurudisha kama ilivyokuwa humwangukia anayemiliki leo. Yaani ninyi.

Darini ukikuta vinyesi vyeusi vinavyosagika kama unga, ni popo. Wanalindwa na sheria, hata wakiwa wamesafiri mahali pao hapaguswi bila leseni.

MzeeWaPeckham

Nimeendesha gari la tajiri mmoja Norfolk miaka minne, jumba la vyumba 14. Disemba mpaka Machi mwenyewe, mkewe na mbwa wawili waliishi jikoni, pembeni ya jiko la chuma lisilozimwa. Kule kwingine walipita wamevaa makoti. Hakuna gesi ya bomba shamba, ni tangi la mafuta ya taa, lori likija kulijaza mzee anaingia ndani hataki kuangalia mita. Mwambie ami aje kuliona Februari, si Julai.

KaraniWaWakili (Leicester)

Nafanya kazi ofisi ya mawakili wa nyumba, haya ni ya kumuuliza wakili wenu, si ya kuyashika kwangu.

Kodi ya ununuzi ndiyo kubwa. Kwa 2.4m, mnunuzi asiyekaa Uingereza na mwenye nyumba nyingine popote duniani anaongezewa 5% na tena 2%. Nimepiga hesabu kwa viwango vya sasa: karibu pauni 370,000. Lakini kama sehemu ya ardhi inaendeshwa kibiashara kweli, inaweza kuhesabika kuwa mali mchanganyiko (makazi na biashara pamoja), na hapo inakuwa kama 109,500. Watu wa kodi huchunguza sana madai hayo, wanataka mkataba wa kueleweka, si kondoo wawili wa kupigia picha.

Kanisa liko karibu? Kuna ardhi za zamani ambazo mwenyewe hubeba matengenezo ya sehemu ya madhabahu ya kanisa la parokia. Familia moja ya Aston Cantlow, Warwickshire, ilipambana mpaka House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati ule, ikashindwa 2003, na mwishowe ikadaiwa zaidi ya pauni 180,000. Tangu Oktoba 2013 deni hilo linapaswa kuandikwa kwenye rejista ya ardhi, basi wakili aangalie.

Na bei ikikubaliwa kwa mdomo haimfungi mtu mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyotiwa saini. Muuzaji anaweza kumpa mwingine kesho yake.

BintiMalindi

Nawashukuru nyote. Kanisa lipo, ukuta kwa ukuta na bustani, na njia ya umma ya wapita kwa miguu inakatiza hapo hapo mbele ya madirisha. Nilimuuliza dalali kama inafungika, akacheka.

Nimempigia ami jana baada ya Isha. Ya popo kayapokea, ya baraza kanung'unika. Nilipofika kwenye kodi nikamweleza kwamba kinachoweza kumwokolea zaidi ya robo milioni ni yale matufaha, na matufaha yana mkataba na watu wa pombe. Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha: "Binti yangu, hayawezi kuuzwa kwa watu wa juisi?"

Niliokota moja chini ya mti siku ile nikalitafuna. Mpaka nafika kituo cha Hereford ulimi ulikuwa bado umekakamaa kama nimekula ndizi mbichi. FundiChokaa, wewe uko huko huko: kuna anayeyanunua hayo kwa kazi nyingine?