Naomba ushauri: nyimbo ninazowawekea wateja kwenye flashi

Wakuu, nina kibanda Mbagala, nachaji simu na kuweka nyimbo kwenye flashi. Buku mbili inajaa: bongo fleva, taarabu, singeli. Zote nimepakua bure.

Jumamosi kaja dogo wa mtaani anayeimba singeli, akaona wimbo wake kwenye kompyuta yangu. Akacheka: "Kaka, studio nililipa kwa hela ya bodaboda." Hakudai kitu. Bora angedai!

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 naijua ipo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Ila wateja wangu wengi makonda, bando la kusikilizia mtandaoni hawana. Dogo nimkatie chochote kila nikimwekea mteja wimbo wake, au niache kabisa? Na wale wasanii wakubwa, nao nawalipaje?